Masika Mke Wangu Alipoteuliwa Balozi

Jumatatu, 4 Machi
Mvua: milimita 6.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mvua. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mbili, na tangu nistaafu nimesimika kipima mvua changu hapa Nkoaranga, nyuma ya zizi. Kila asubuhi saa moja nakisoma, naandika milimita, basi. Habari za watu sikukusudia kuziandika. Lakini leo mchana nilikuwa juu ya kigoda napogoa kahawa, simu ikawa inalia mfukoni bila kupumua. Nilipoishika nikakuta watu kumi na tisa wananipongeza. Nikajiuliza, nimefanya nini mimi? Kumbe mke wangu, Naipanoi, kateuliwa kuwa Balozi. Kituo chake cha kazi kitatangazwa baadaye.

Yeye mwenyewe alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia, "Mama Anande, umeteuliwa." Akasema, "Najua. Walinipigia asubuhi. Nilitaka umalize mstari wako wa kahawa kwanza."

Naandika kwa wino ili isifutike: nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Jumanne, 5 Machi
Milimita 0. Wageni tangu saa mbili. Sukari imekwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Milimita 11.

Leo jirani kaniuliza eti mke wangu kapata vipi cheo hicho. Nilimjibu kwa adabu, lakini hapa naandika bila adabu. Kakipata kwa kazi. Huyu ni binti wa mzee Meitamei wa Ngaramtoni, mfugaji ambaye hakujua kusoma lakini alimpeleka binti yake shule wakati wenzake wanamcheka. Kasoma sheria. Kafungua ofisi Sakina, ghorofani, juu ya gereji, malori ya Nairobi yakipita madirisha yanatetemeka na yeye anaendelea kumsikiliza mteja kana kwamba hakuna kitu. Akagombea ubunge, akakaa bungeni miaka kumi. Mara ya tatu kura za maoni zikamwangusha. Mimi nilinuna mwaka mzima. Yeye kesho yake asubuhi alivaa kitenge kizuri akaenda kumpongeza aliyemshinda, na nilimwona mjinga. Leo nani mjinga?

Jumapili, 10 Machi
Milimita 19. Mvua imeshika sasa, hii ni masika.

Kanisani mchungaji alimsimamisha Naipanoi, watu wakapiga makofi. Nami nikasimama, ingawa sikuitwa.

Baada ya ibada shemeji yangu Ndeshi akatufuata nyumbani. Huyu ni mjane wa mdogo wangu Nathanael, tuliyemzika mwaka juzi. Hakukaa hata kitini. Akasema, "Shemeji, wanataka kunitoa." Habari yenyewe ni hii: kihamba cha Nathanael, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, nyumba na kaburi lake, Solomoni anakitaka kwa ajili ya mwanawe. Solomoni ni mtoto wa baba yangu mdogo. Hoja yake ni kwamba Nathanael kaacha mabinti watupu, na mabinti huolewa. Mzee Sumari, ambaye ni mshili wetu, yaani mkuu wa ukoo, kakubali jambo liletwe barazani. Baraza la ukoo ni la wanaume. Ndeshi hawezi kuingia kujitetea.

Nikamwambia, "Shemeji, kalale. Una wakili, una mbunge, una balozi, wote nyumba moja." Nilijisikia mkubwa sana wakati nasema.

Jumanne, 12 Machi
Milimita 8. Naipanoi kaandika barua ya kisheria kuhusu haki za mjane, kaigonga mhuri wa ofisi. Kaiacha juu ya meza.

Jumatano, 13 Machi
Milimita 22.

Nimefanya jambo.

Naipanoi alikwenda mjini na mimi nikaona barua pale mezani, nzuri, imenyooka, ina vifungu vya sheria na mhuri wa zambarau. Nikasema moyoni, ngoja Sumari aone nimeoa nani. Nikaitia ndani ya koti, nikapanda njia ya juu kwenye matope mpaka kwake. Nikamkuta barazani kwake anakunywa chai na mkewe Nkasiogi. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, nikampa barua.

Hakuifungua. Aliiweka juu ya kigoda, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Mwalimu, umekuja kama mtoto wa ukoo au kama tarishi?"

Hapo ndipo nikazinduka. Kwa sababu mimi, Gadiel, nimezaliwa humu, tangu utoto nasikia: katika ukoo wetu, anayemletea mshili karatasi yenye mhuri kabla wazee hawajakaa, kajitoa mwenyewe mikononi mwa wazee. Shauri lake litaamuliwa, lakini bila yeye na bila neno lake. Nilijua. Mtoto wa darasa la pili wa ukoo huu anajua. Fahari ilinipofusha.

Sumari akasema, "Basi tumekusikia. Baraza litakaa tarehe ishirini Aprili. Siku hiyohiyo tutapanda masale mapya ya mpaka." Masale ndiyo mimea yetu ya kuonyesha mpaka. Maana yake kihamba cha Nathanael kinakatwa na mimi ndiye niliyewapa kisu.

Alhamisi, 14 Machi
Milimita 22 tena.

Nimemwambia. Nilitegemea atapiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nani alikuambia uipeleke?"

"Ilikuwa juu ya meza."

"Na chumvi iko juu ya meza, Baba Anande. Unaimwaga yote?"

Kisha akakaa, akanieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza kwa miaka yote ya ndoa yetu. Alisema ile barua aliiandika ili aone sheria inasema nini, halafu aiweke kabatini. "Pale Sakina nilishinda kesi nyingi za wajane. Wewe ulikuwa unanisifu. Lakini kuna mama mmoja wa kwetu Ngaramtoni, nilimshindia shamba lote, hatua kwa hatua. Nilipokwenda kumtembelea mwaka uliofuata nikakuta ameuza, kahamia mjini. Ng'ombe wake akikwama hakuna aliyekuja kumvuta. Akiugua hakuna aliyemletea uji. Hati alikuwa nayo. Majirani hakuwa nao. Ndeshi hataki kesi. Anataka kukaa kwake na kusalimiwa."

Nikamuuliza, sasa tufanye nini. Akasema, "Wewe utaenda kuomba radhi. Mimi nitaanza kutembea."

Jumatatu, 18 Machi
Milimita 34.

Nimekata jani la sale, nikalifunga fundo kama baba alivyonifundisha, nikapanda kwa Sumari mvuani bila mwamvuli. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba radhi humkatalii, lakini hakuna kinachokuzuia kumkalisha. Alinikalisha saa nzima na ushee kwenye benchi, maji yananitiririka kwenye viatu. Mwalimu mzima, miaka sitini na sita. Hatimaye akalichukua jani. Akasema barua atanirudishia na nitaruhusiwa kukaa barazani, ila hakuniahidi kwamba Ndeshi atasikilizwa.

Nimerudi na mafua.

Ijumaa, 22 Machi
Milimita 15. Naipanoi kaenda kupalilia maharage na Nkasiogi, mke wa Sumari. Kumbe wote wazaliwa wa Ngaramtoni. Wamezungumza Kimaasai siku nzima na sikuambiwa kitu.

Jumanne, 26 Machi
Milimita 9. Kaenda nyumba ya chini. Karudi na mkungu wa ndizi.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka
Milimita 3. Ndeshi na binti zake walikula kwetu. Alicheka mara moja, nikahesabu.

Jumatano, 3 Aprili
Milimita 41. Mfereji umefurika.

Leo kaenda kwa Solomoni. Kwa Solomoni. Nilimzuia mlangoni. Nikasema, Balozi mteule wa Jamhuri anakwenda kukaa kwenye jiko la mtu anayetaka kumnyang'anya mjane? Akafunga kilemba chake vizuri, akasema, "Na huko nitakakotumwa unadhani nitakaa na marafiki tu?" Akachukua mwamvuli akaenda.

Karudi jioni kashiba loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Mimi nilikula viporo kwa hasira.

Alhamisi, 4 Aprili
Milimita 17.

Nimekubali kuzungumza. Kaniambia alichokipata kwa Solomoni. Inaonekana jana alikaa muda wa saa tatu bila kutaja shamba. Aliuliza habari za ng'ombe, za kifua cha mkewe, za mwana. Mwishowe Solomoni mwenyewe akalitaja. Tatizo lake ni ukoo wa bondeni: mjane mmoja pale aliuza kihamba kwa mtu wa mbali, mtu huyo kajenga uzio, kafunga njia ya miguu, na sasa watoto wa shule wanazunguka nusu saa. Makaburi ya wazee wao yako ndani ya uzio.

"Solomoni haogopi Ndeshi," akasema. "Anamwogopa mnunuzi."

"Na mwanawe je? Si anataka pa kujenga?"

"Anataka. Lakini hilo ni la pili, na la pili huzungumzika la kwanza likishatulia."

Nimemfahamu mwanamke huyu miaka thelathini na nane. Nilidhani alichokuwa nacho ni ulimi. Nilikosea. Ni masikio.

Jumanne, 9 Aprili
Milimita 12. Nyumba ya sita. Viatu vyake vya mvua vimepasuka.

Jumatatu, 15 Aprili
Milimita 28. Ya saba na ya mwisho. Kila nyumba yenye mzee barazani kaila chakula chake. Kaongezeka uzito na anakataa.

Jumamosi, 20 Aprili
Milimita 67. Tangu nianze kupima sijaandika namba kama hii.

Baraza halikukaa. Njia ya juu imeporomoka, wazee wawili wameshindwa kuvuka. Sumari kaahirisha mpaka Jumatano ya tarehe kumi na tano Mei, na kasema hataahirisha tena, kwa sababu mahindi yakishakomaa hakuna atakayekuwa na nafasi. Ndeshi alikuwa amevaa tangu alfajiri. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, kanga begani. Nikamwambia bado wiki chache tu. Akajibu, "Shemeji, mimi nimechoka kuaga migomba kila asubuhi."

Nililia njiani. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyeona.

Ijumaa, 3 Mei
Milimita 10. Kahawa zimefunga matunda vizuri.

Jumatatu, 13 Mei
Milimita 5.

Wamepiga simu kutoka wizarani. Naipanoi ataapishwa Jumatano, saa nne asubuhi, Dodoma. Jumatano ya tarehe kumi na tano Mei.

Nikamwambia, omba wakusogeze. Akanitazama kama nilivyowatazama wanafunzi waliosema mto unapanda mlima. "Kiapo hakisogezwi, Baba Anande. Na mzee Sumari alishasema." Akaanza kupiga pasi. Nilipaswa kwenda naye. Kiti changu kipo, jina langu liko kwenye orodha. Nilitaka sana kukaa kwenye kiti kile. Tukatazamana, na wote tulijua ninabaki. Asipokuwepo hata mmoja wetu, Ndeshi ana nani?

Nikamuuliza, basi barazani niseme nini.

"Usiseme."

"Nisiseme?"

"Ukisema utagombana na Solomoni kabla ya chai. Nakujua. Kaa na wenzako, nyamaza. Mzee Sumari akihitaji mkono wako, atakuonyesha."

Miaka thelathini na mbili nimeishi kwa kusema. Nimekasirika, na nimekasirika zaidi kwa sababu anasema kweli.

Jumanne, 14 Mei
Milimita 2. Nimemsindikiza stendi. Hakutaka gari la watu wa wilaya. Kanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yetu, akasema, "Mwangalie Ndeshi." Hakusema "mtetee." Mwangalie.

Jumatano, 15 Mei
Milimita 0. Mlima umefunguka wote, mpaka kileleni.

Naandika yote, hata mkono ukiuma.

Tulikaa saa tatu asubuhi kwa Sumari, ndani ya banda lake, wazee saba na mimi. Wanawake walikuwa uani kwenye moto, Ndeshi akiwa kati yao. Solomoni alipewa fimbo ya kusemea akasema yake: Nathanael hana mwana, mabinti wataolewa, shamba litatoka mikononi. Alisema vizuri, si kwa ubaya. Lakini aliposema "nyumba iliyobaki tupu," nilihisi maneno yananijia kooni. Tupu? Na Ndeshi ni nini, kivuli? Niliinuka kidogo kwenye benchi. Mzee Sumari akakohoa, akaniangalia. Nikakaa. Niliuma ulimi, na hii si lugha ya mapambo, nimekuja nyumbani nikauona kwenye kioo umeweka alama.

Fimbo ikazunguka. Ikaja kwangu. Nikaipokea, nikaipitisha. Solomoni alishtuka kuliko wote.

Ndipo Sumari akaishika mwenyewe. Akasema, "Desturi yetu ni kwamba mwanamke haingii ndani ya baraza hili. Ndivyo?"

Wakajibu, "Ndivyo."

"Hapo sigusi. Nitakufa nimeiacha kama nilivyoikuta. Sasa niambieni, desturi inasema baraza likae wapi?"

Wakatazamana.

"Mwaka wa ule ukame mkubwa baba yangu alilikalisha kule juu kwenye mfereji, kwa sababu shauri lilikuwa la maji. Leo shauri ni la kihamba cha Nathanael. Mimi naona tukakae kwa Nathanael." Akainuka. Akanigeukia, akaonyesha benchi refu. "Mwalimu, shika upande huo."

Nikashika. Upande wa pili akashika Solomoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Tukateremka hivyo, yeye mbele mimi nyuma, robo saa kwenye utelezi, wazee wanafuata na fimbo zao. Mahali penye maporomoko aliniambia, "Taratibu, kaka, hapa panateleza." Alikuwa hajaniita kaka tangu msiba wa Nathanael.

Tukaliweka benchi mbele ya mlango wa Ndeshi, karibu na kaburi. Naye kwa kuwa ni kwake, alifika akafungua mlango, akasimama kwenye ngazi yake mwenyewe. Hakuingia baraza la mtu. Sisi ndio tuliokuja. Mzee Sumari akampa fimbo, na hakuna mzee hata mmoja kati ya wale saba aliyeguna. Nikawaza nyumba saba, masufuria saba, viatu vilivyopasuka.

Ndeshi alisema kwa sauti ndogo mwanzoni. "Mimi sitaki shamba la ukoo. Nataka kukaa na mume wangu." Akaonyesha kaburi. "Nimekaa naye miaka ishirini na saba na bado nakaa naye. Nikifa mnilaze pale upande wa kahawa."

Solomoni akauliza, bila fimbo, lakini kwa upole, "Na ukichoka kulima, mama? Au mabinti wakikuambia uza?"

"Nitakuja kwako kwanza, Solomoni. Ukishindwa nitaenda nyumba inayofuata, na inayofuata. Nikiruka nyumba hata moja, nitoeni. Na huyo kijana wako, ule ukingo wa chini ambao mimi siulimi, alime maharage tangu sasa. Sikuwahi kumkataza. Hakuwahi kuniuliza."

Solomoni akatazama chini akasema, "Ni kweli. Hatukumuuliza."

Sumari akasema masale yapandwe, lakini mpaka atauonyesha mjane mwenyewe. Ndeshi akavua viatu, akatembea. Alizunguka kihamba chake chote peku kwenye udongo mwekundu, bila kutazama nyuma, na sisi wazee wanane tunamfuata mmoja mmoja kama watoto wa shule, na kila alipokata kona Solomoni alipiga magoti akapanda sale. Nilishika mche mmoja nikaupanda mimi.

Saa nane Naipanoi akapiga simu kutoka Dodoma. Nyuma yake nilisikia watu, vikombe, pongezi. Nilitakiwa kumuuliza kuhusu kiapo. Sikuwahi.

"Ndeshi?" akauliza.

"Kabaki. Kihamba kizima."

Nilisikia anavuta pumzi, kisha analia, pale katikati ya waheshimiwa, mwanamke ambaye hakulia hata usiku wa kura. Nikamwacha alie. Nikamwambia Sumari kahamisha baraza, ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na limetoka kwako na Nkasiogi kwenye maharage, usinifiche.

"Wazo ni la mzee Sumari," akasema, akipangusa pua. "Na mtu akikuuliza, utasema hivyohivyo."

"Nitasema hivyo, Mheshimiwa Balozi."

Akacheka. "Na wewe? Ulisema nini barazani?"

"Sikusema kitu," nikamwambia. "Nilibeba benchi."